Nani Atumaye Radi?

Katika vitisho vyote vya maumbile, hapana kimoja kimfanyacho mwanadamu aulize "nani?" upesi kama radi. Mafuriko huonekana yakija. Ukame hukaa miezi, na watu hupata wasaa wa kuzijadili sababu zake barazani. Radi haingoji mashauri, tena huchagua. Huuacha mti huu ikaupiga ule; huzipita nyumba kumi ikaiangukia ya kumi na moja; humwua mmoja na kumwacha hai aliyekaa ubavuni pake. Kitu kichaguacho hufanana na kitu chenye nia, na penye nia watu humtafuta mwenye nia. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yaliuliza ni nani aliyeituma radi, kabla ya kuuliza radi ni nini, na muda mrefu kabla ya kuuliza jinsi wingu la mvua, ambalo ni maji na hewa tu, lipatavyo nguvu ya kupasua mwamba.

Nia ya insha hii ni kuifuata historia ya swali hilo la mwisho. Ni historia ya miaka zaidi ya mia mbili na sabini, na jawabu lake ni la ajabu kwa sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta: kwamba moto wa mbinguni huzaliwa na barafu. Wala si historia ya udadisi mtupu. Mpaka leo, katika nchi zetu wenyewe, kuna watu waliopoteza maisha kwa radi, na kuna wengine waliopoteza heshima na makazi kwa kudhaniwa kuwa wao ndio walioituma. Ajuaye umeme wa wingu hutoka wapi ana la kusema juu ya misiba yote miwili.

Lugha yetu ilitangulia kutoa ushahidi wake katika jambo hili. Neno "umeme", lenye udugu wa sauti na maana na kumetameta, lilikuwa jina la ule mwanga wa mawinguni kabla waya wa kwanza haujavutwa katika miji yetu. Waya ulipokuja, Waswahili hawakutafuta jina jipya. Waliiita nguvu ipitayo ndani yake umeme vilevile, wakaziacha ngurumo na radi katika maana zake za zamani. Kwa neno moja walisema kwamba kimulikacho mawinguni na kimulikacho katika taa ni kitu kile kile. Walipata urithi rahisi, maana huko Ulaya na Amerika ukweli huo ulihitaji kuthibitishwa kwa majaribio, na mmoja wa waliojaribu alilipa kwa roho yake.

Kwanza na tuitazame Ulaya ilivyokuwa kabla ya majaribio hayo, tusije tukadhani kwamba hofu ya radi ilikuwa mali ya bara moja. Kwa karne nyingi watu wa huko walizoea kupiga kengele za makanisa wakati wa tufani ili kuifukuza radi. Mnara wa kanisa ndio jengo refu kuliko yote kijijini, na kamba ya kengele iliyolowa mvua ni njia nzuri ya umeme. Basi waliopanda kuikinga jamii ndio waliokuwa wa kwanza kufa. Kitabu kilichochapishwa Munich katika mwaka wa 1784 kilihesabu kuwa katika muda wa miaka 33 minara 386 ilipigwa na radi, na wapiga kengele 103 waliuawa. Ujasiri wao haukupungua lolote. Kilichopungua ni maarifa ya adui waliyekuwa wakipambana naye.

Maarifa yalianza kupatikana kwa Benjamin Franklin wa Philadelphia, mpiga chapa aliyegeuka mwanasayansi. Yeye ndiye aliyezipa namna mbili za umeme majina tunayoyatumia hata leo, chanya na hasi, na katika mwaka wa 1750 alipendekeza jaribio la kusimamisha fimbo ndefu ya chuma, isiyogusana na ardhi, chini ya wingu la ngurumo. Ikiwa wingu lina umeme, fimbo itatoa cheche. Wafaransa walimtangulia mwenyewe kulifanya. Tarehe 10 Mei 1752, katika kijiji cha Marly-la-Ville karibu na Paris, fimbo iliyotayarishwa na Dalibard ilitoa cheche mbele ya mzee mmoja aliyekuwa askari zamani, na kasisi wa kijiji aliyekuja mbio kushuhudia. Dalibard mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Katika mwaka huo huo Franklin alirusha tiara yake mashuhuri akapata jawabu lile lile. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1753, Georg Wilhelm Richmann alikuwa akipima umeme wa tufani nyumbani kwake St. Petersburg kwa fimbo kama hiyo, umeme ukaruka kutoka chombo chake hadi kichwani pake, akafa papo hapo. Tangu siku hiyo hapana mtaalamu aliyeweza kusema kwamba radi ni kitu kingine.

Hivyo swali la "nini" lilijibiwa. Lakini jawabu hilo lilizaa swali gumu kuliko lenyewe. Cheche ya maabara hutoka katika kioo kilichosuguliwa kwa nguo. Je, huko juu nani asuguaye, na kinachosuguliwa ni nini? Franklin alifunga nyumbani kwake kengele ndogo zilizolia kila mara wingu lenye umeme lilipopita juu ya fimbo yake. Kwa njia hiyo alivumbua jambo ambalo thamani yake ilikuja kuonekana baada ya miaka mia moja na nusu: kwamba mawingu ya radi kwa kawaida huonyesha umeme hasi, lakini mara chache huonyesha chanya. Katika mwaka ule wa 1752 Mfaransa Le Monnier alikwisha kugundua kwamba hata mbingu iliyo safi, isiyo na wingu hata moja, ina umeme kidogo. Mambo hayo mawili yaliandikwa, yakasomwa, na yakakaa. Volta, yule ambaye jina lake limo katika kipimo cha volti, alidhani kwamba mvuke uondokao majini hupaa pamoja na umeme wake. Dhana hiyo ilikuwa nzuri kwa masikio, lakini haikuvumilia vipimo.

Kilichowachelewesha wataalamu hao ni mahali waliposimama. Wingu la radi lina urefu wa kilomita nyingi kwenda juu, nao walikuwa miguuni pake. Walilisoma kama mtu asomaye kitabu kwa kutazama jalada la chini tu. Mvua iangukayo huleta habari, lakini ni habari iliyopita katika mikono mingi kabla ya kufika chini.

Katika mwaka wa 1892 Mjerumani Philipp Lenard alichunguza maporomoko ya maji, akaona kwamba maji safi yanapopasuka kwa kishindo, matone hubaki na umeme chanya na hewa iliyo karibu huchukua hasi. Maarifa hayo yalimwongoza Mwingereza George Simpson, aliyefanya kazi katika idara ya hali ya hewa ya India. Huko Simla, mji wa milimani penye mvua kubwa za masika ya Kihindi, Simpson alipima umeme wa mvua katika mwaka wa 1907 na wa 1908, akaona kwamba mvua iliyoleta chanya ilizidi ile iliyoleta hasi. Katika mwaka wa 1909 alitangaza nadharia yake. Hewa ipandayo ndani ya wingu, alisema, huyashika matone makubwa na kuyapasua. Matone hupata chanya na kubaki chini, na hewa huondoka na hasi kwenda juu. Kwa hiyo wingu la radi ni chanya chini na hasi juu. Nadharia ilikuwa wazi, ilitokana na vipimo vya kweli, na mwenyewe alikuwa mtu asiyesema ovyo.

Mpinzani wake alikuwa Mskoti, C. T. R. Wilson, ambaye baadaye, katika mwaka wa 1927, alipewa Tuzo ya Nobel kwa chombo chake kionyeshacho njia za chembe ndogo katika ukungu. Katika ujana wake Wilson alikaa katika kituo cha hali ya hewa juu ya mlima wa Ben Nevis. Mwaka wa 1895, akiwa juu ya mlima jirani, nywele zilimsimama kichwani kwa nguvu ya umeme uliojaa hewani, akateremka mbio. Hakuisahau siku hiyo. Yeye hakuamini kwamba mvua peke yake yatosha kuwa shahidi. Alibuni njia ya kupima jinsi nguvu ya umeme juu ya ardhi ibadilikavyo ghafula kila radi ipigapo, karibu na mbali, na kutokana na mabadiliko hayo akakisia mpangilio wa umeme ndani ya wingu lenyewe. Taarifa zake za mwaka wa 1916 na wa 1920 zilikuja na hukumu iliyo kinyume kabisa cha ile ya Simpson: wingu la radi ni chanya juu na hasi chini.

Basi ulitokea mjadala uliodumu yapata miaka ishirini. Wasomaji wa taarifa zao hawakuweza kusema kwamba mmoja ni mzembe na mwingine ni hodari. Wote wawili walipima kwa uangalifu, na kila mmoja alikuwa na hesabu zilizomuunga mkono. Afrika nayo ilitoa shahidi wake. Katikati ya miaka ya 1920, Basil Schonland wa Afrika ya Kusini alipima nguvu ya umeme chini ya tufani za nyanda kavu za Karoo, ambako mtu huweza kuiona tufani moja peke yake kutoka mbali hadi ifike na hadi ipotee. Vipimo vyake vilimpa haki Wilson. Hata hivyo Simpson hakusalimu amri, kwa maana mvua yake ya Simla ilikuwa chanya, na mvua haikuweza kukanushwa kwa hoja.

Kilichomaliza mjadala ni kuacha kusimama miguuni pa wingu. Simpson mwenyewe, pamoja na msaidizi wake Scrase, walitengeneza chombo chepesi kilichochukuliwa na puto. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyotiwa dawa ambayo hubadilika rangi umeme upitapo, na alama yake ilionyesha umeme ni wa namna gani katika kila kimo. Maputo hayo yalirushwa kutoka Kew, karibu na London, yakaingia tumboni mwa tufani na kuanguka pengine, nayo matokeo yakachapishwa katika mwaka wa 1937. Karatasi zilisema hivi: juu kabisa pana chanya, chini yake pana eneo kubwa la hasi, na chini ya hilo, karibu na kitako cha wingu, mara nyingi pana kifuko kidogo cha chanya.

Kwa hiyo Wilson alikuwa sahihi juu ya wingu zima, na Simpson alikuwa sahihi juu ya kile kipande kilichomwaga mvua juu ya vyombo vyake. Kila mmoja alieleza kwa uaminifu alichokiona, na kosa lilikuwa kudhani kwamba alichokiona ndicho chote kilichopo. Jambo la kuheshimika zaidi ni kwamba aliyerusha puto na kuleta ushahidi uliompa mpinzani wake haki ni Simpson mwenyewe. Katika elimu, mtu kushindwa na chombo alichokitengeneza kwa mikono yake si aibu. Ni ushindi wa namna ya pekee.

Lakini karatasi zile zilikuwa na neno jingine, zito kuliko mpangilio wenyewe. Lile eneo kubwa la hasi halikuwa mahali penye matone ya mvua. Lilikuwa mahali pa baridi kali, chini ya sifuri, ambapo maji huanza kuwa barafu. Nadharia ya matone yapasukayo haikuweza kufika huko. Ikabidi wataalamu wageuze macho kutoka mvua kwenda kwenye barafu.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asishangae kuambiwa habari za barafu katika wingu la nchi ya joto. Kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, ki karibu sana na ikweta, nacho kina barafu. Hewa ya juu ya Kisumu au ya Mwanza ina baridi hiyo hiyo katika kimo hicho hicho, ila hapana mlima wa kutuonyesha. Katika nchi zetu hewa hufikia baridi ya kugandisha maji yapata kilomita tano kutoka usawa wa bahari, na wingu kubwa la radi hupanda mpaka kilomita kumi na tano na zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wingu tulionalo likiwa jeusi juu ya Ziwa Viktoria iko katika nchi ya barafu. Wakulima wa chai wa Kericho, ambao mashamba yao hupigwa na mvua ya mawe mara kwa mara, hawahitaji ushahidi mwingine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uchunguzi ulihamia katika maabara. Huko New Mexico, Marekani, Workman na Reynolds walianza kwa kupima umeme utokeao maji yanapoganda. Katika mwaka wa 1957 Reynolds, pamoja na Brook na Gourley, alitangaza jaribio lililofungua mlango. Walizungusha tufe dogo lililofunikwa na barafu ndani ya chumba cha ukungu baridi, wakaona kwamba tufe hujaa umeme kwa wingi ikiwa katika ukungu ule kuna vitu viwili kwa pamoja: fuwele ndogo za barafu, na matone madogo ya maji yaliyopita baridi ya kuganda nayo bado hayajaganda. Kimoja kikikosekana, umeme huwa haba. Baadaye, katika mwaka wa 1978, Mjapani Tsutomu Takahashi alionyesha kwamba namna ya umeme hutegemea baridi na wingi wa maji: panapo baridi kali, tufe hupata hasi, panapo baridi ndogo, hupata chanya. Mgeuko huo hutokea karibu na digrii 10 za Selsiasi chini ya sifuri, ijapokuwa husogea juu au chini kwa kadiri ya maji yaliyomo. Katika mwaka wa 1983 Jayaratne, Hallett na Saunders walitangaza majaribio ya Manchester yaliyothibitisha mgeuko wa namna hiyo.

Sasa twaweza kueleza kazi yote kwa ufupi. Jua hupasha ardhi joto, na hewa yenye mvuke hupanda. Ikifika kwenye baridi, mvuke huwa matone, na matone mengine hupita kimo cha kuganda bila kuganda, kwa kuwa maji safi yaliyo madogo sana huweza kukaa majimaji hata katika baridi ya digrii 30 na zaidi chini ya sifuri. Baadhi huwa fuwele nyepesi za barafu. Fuwele nyingine hupigwa na matone ambayo huganda juu yake mara moja, zikanenepa na kuwa punje laini nyeupe, ndugu wadogo wa mawe ya mvua. Punje ni nzito, nazo huelekea kushuka au kuelea mahali pamoja. Fuwele ni nyepesi, nazo huchukuliwa na hewa ipandayo. Njiani hugongana mara nyingi zisizo na idadi. Katika kila mgongano, kiasi kidogo mno cha umeme, ambacho wanafunzi wa sayansi hukiita chaji, huhama: punje hubaki na hasi, fuwele huondoka na chanya. Kisha upepo na uzito hufanya kazi ya kuwatenga waliogongana. Fuwele hupanda na chanya yao mpaka kileleni mwa wingu, na punje hubaki katikati na hasi yao. Zile punje zishukazo chini zaidi, penye baridi ndogo, hupata chanya badala ya hasi. Na wengi leo huona kwamba hapo ndipo asili ya kile kifuko kidogo kilichomdanganya Simpson.

Basi swali la "nani asuguaye" limepata jawabu lake: barafu husuguana na barafu, mbele ya maji yaliyokataa kuganda. Tone kwa tone, mgongano kwa mgongano, kwa muda wa nusu saa hivi, hukusanyika nguvu ya kuvuka kilomita nyingi za hewa. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee, nao hawakujua kwamba waliieleza radi.

Haki yataka tuseme pia kwamba nadharia hii haikupita bila mpinzani. Bernard Vonnegut, ndugu mkubwa wa mwandishi wa riwaya Kurt Vonnegut, alishikilia tangu miaka ya 1950 kwamba hewa ipandayo huweza kuchukua umeme ulio karibu na ardhi na kuupeleka juu ya wingu, na hewa ishukayo pembeni huleta umeme wa kinyume chake, hata pasipo barafu. Wataalamu wengi leo huona kwamba njia hiyo husaidia tu na kwamba barafu ndiyo yenye kazi kubwa. Lakini upinzani wake uliwalazimisha kupima zaidi. Tena yako mambo mawili ambayo bado hayajafungwa. La kwanza ni kile kitokeacho juu ya uso wa barafu katika nukta ya kugongana. Wengi hudhani kwamba uso ule unaokua upesi zaidi kwa kunyonya mvuke ndio upatao chanya, lakini hoja hiyo ingali mezani. La pili ni jinsi cheche ya kwanza ianzavyo. Hewa ya kawaida huvumilia karibu volti milioni tatu kwa kila mita kabla ya kupasuka, na ndani ya mawingu vyombo hukuta yapata sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Wilson, katika mwaka wa 1925, alikwisha kupendekeza kwamba elektroni ziendazo kasi huweza kuanzisha maporomoko ya elektroni nyingine. Na katika mwaka wa 1992 Mrusi Gurevich na wenzake waliikuza rai hiyo kwa kuihusisha na miale itokayo anga za mbali. Mjadala unaendelea, na ni vyema uendelee.

Turudi sasa katika nchi zetu, maana habari hii ni yetu kuliko tunavyodhani. Vipimo vya satelaiti vilivyokusanywa tangu mwaka wa 1998 hadi 2013, na kutangazwa katika mwaka wa 2016, vilionyesha kwamba mahali pa kwanza duniani kwa wingi wa umeme wa mawingu ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela, na mahali pa pili ni Kabare, katika Kivu ya Kongo, penye miale yapata 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Viktoria nalo lina tufani nyingi za usiku, kwa sababu hewa baridi ya nchi kavu huteremka ziwani kutoka pande zote na kuisukuma juu hewa yenye mvuke. Watu waishio katika ukanda huo, ambao wengi wao husema Kiswahili, hukaa chini ya kiwanda kikubwa cha umeme kuliko vile walivyojenga wanadamu, na hawakuulizwa kama wangependa.

Gharama yake ni ya kweli. Mwezi wa Juni 2011, katika wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi. Mwezi wa Oktoba 2020, katika mkoa wa Geita nchini Tanzania, iliua wanafunzi sita katika shule moja. Msiba wa namna hiyo ukiingia, swali la "nani?" hurudi kwa nguvu zake zote. Mbona shule hii, wala si ile? Mbona mtoto huyu? Na palipo na kikongwe mpweke, au jirani aliyewahi kugombana na mzazi wa marehemu, jawabu ovu huwa karibu kuliko jawabu la kweli.

Jawabu la kweli lipo, na limepigwa picha. Schonland na wenzake, katika miaka ya 1930 huko Johannesburg, walitumia kamera ya mwendo wa pekee wakaonyesha kwamba radi haishuki kwa mara moja kama mkuki uliorushwa. Ulimi wa umeme usioonekana kwa macho hushuka hatua kwa hatua, kila hatua yapata mita hamsini, ukipotoka huku na huko. Hadi utakapobakiwa na makumi machache ya mita, haujapata shabaha yoyote. Hapo ndipo kilicho kirefu na kilicho karibu huutolea mkono wa kuulaki: mti, paa, mlingoti, mtu asimamaye uwandani. Umeme ukiisha kuingia ardhini husambaa, ukawapata watoto wengi walioketi sakafuni pamoja katika jengo lisilo na waya wala mabomba ya kuuchukua. Radi haichagui kwa chuki, wala haijui jina la mtu. Fimbo ya chuma iliyofungwa vizuri na kuunganishwa na ardhi, kama ile aliyoipendekeza Franklin, haiizuii kushuka. Huionyesha njia isiyopita katika mwili wa mtoto.

Sisi tufundishao na tujifunzao katika vyuo tuna wajibu wa kuyapeleka maarifa haya kwa Kiswahili chepesi mpaka mahali ambapo swali la "nani?" bado huulizwa kwa sauti ya ghadhabu. Si kwa kuwacheka waulizao. Wapiga kengele 103 wa Ulaya waliuliza vivyo hivyo, wakafa wakingali wanauliza. Ni kwa kuwapa waliofiwa jawabu ambalo halihitaji mtuhumiwa. Aliyejua kwamba radi hutoka katika mgongano wa barafu, kilomita kadhaa juu ya kichwa chake, hataifuata nyumba ya jirani kwa mapanga. Ataitazama paa ya shule, na kuuliza mbona haina fimbo.